Sura ya Tisa: Namba Mbili kwenye Foleni

Jumatatu ile nilipanda ngazi za kwa Henning nikiwa na habari njema iliyochelewa kwa siku moja. Ngazi zile nimezoea kuzikimbilia mbili mbili kama msichana aliyetoroka bweni, mimi Ylva Sandgren, mwanamke wa miaka thelathini na tisa mwenye miwani ya kusomea na heshima zake kazini. Siku ile nilisimama kila ghorofa. Ilikuwa saa kumi alasiri, madirisha ya ngazini yalishakuwa meusi kwa giza la Desemba, na milangoni watu walikuwa wametundika mashada yao ya Majilio. Nilitamani ghorofa ziongezeke.

Acha niseme nilichofanya kabla sijafika mlangoni. Msinihurumie.

Nafanya kazi katika ofisi ya familia hapa Västerås, Sweden. Mzazi anakuja na mtoto mkononi na swali moja tu: huyu nimpeleke wapi baada ya shule? Mimi ndiye ninayejua. Najua bwawa lipi lina mafunzo ya kuogelea Jumamosi asubuhi, skauti wapi wanapokea watoto wanaoogopa giza, na kwaya ipi haimfukuzi mtoto asiyejua kuimba. Mwenye kupenda kupigana nampeleka judo akafundishwe kuanguka. Asiyependa maneno nampeleka kwenye ufinyanzi, huko hakuna anayemlazimisha kuongea. Na foleni za masomo ya muziki ziko mezani kwangu: piano, gitaa, ngoma, selo. Nafasi ikipatikana, mzazi anaandikiwa, ana siku kumi za kujibu. Asipojibu, inakwenda kwa anayefuata. Hata angekuja mtoto wa mfalme, angesubiri zamu yake.

Henning alikuja Februari, wakati wa likizo, siku tunayofungua ukumbi wa michezo ili watoto wajaribu kila kitu. Alikuwa na bintiye Tuva, miaka tisa, ambaye tangu wazazi wake waachane alikuwa ameacha kutaka chochote. Alipanda ukuta wa kukwea, akashuka. Akaingia kwenye dansi, akatoka na viatu mkononi. Sarakasi, hapana. Mchezo wa vitara, hapana. Mpira wa magongo, hapana kubwa. Mwishowe yule baba akaja mezani kwangu, mrefu, nywele zimesimama upande mmoja, akaniuliza kwa upole, "Samahani, mna kitu cha mtoto ambaye hataki kitu?"

Nilicheka. Nikawapeleka chumba cha nyuma kwenye selo, ile fidla kubwa inayobanwa katikati ya magoti. Tuva akavuta upinde mara moja, ikatoka sauti ya ng'ombe mgonjwa, na mtoto akaangua kicheko. Akavuta tena. Henning akageukia ukutani akajifuta macho kwa mkono wa koti. Nadhani nilimpenda pale pale, na mambo mengine yote yalikuja kuthibitisha tu.

Tuva akaingia kwenye foleni ya selo akiwa namba tisa. Mimi nikaingia kwenye maisha ya baba yake.

Agosti, mama yake Tuva, Pernilla, akapata kazi Luleå, huko kaskazini ya mbali. Mambo ya wiki kwa mama, wiki kwa baba yakawa hayawezekani tena. Wakakubaliana bila kupelekana mahakamani: Tuva akae na baba yake mpaka mwisho wa Novemba. Akipata nafasi ya selo, kitu chake mwenyewe cha kumshika hapa, atabaki. Asipopata, ataenda kwa mama, ambako mwalimu wa selo alikuwa na nafasi ya kuanzia Januari na bibi yake anakaa mtaa wa pili. Kufikia Novemba Tuva alikuwa namba mbili. Henning alikuwa akiniamsha asubuhi kwa swali hilo hilo: "Foleni imetikisika?" Nami namwambia bado.

Kazini hakuna aliyejua kuhusu sisi. Hapo ndipo ubaya wote ulipoanzia. Kanuni yetu ni rahisi: ukiwa na uhusiano na mtu aliye kwenye foleni, unajaza karatasi moja, unamkabidhi mwenzako faili, basi, hakuna anayekupigia kelele. Mimi nilikuwa na mama.

Mama yangu Solveig alikaa kwenye ofisi za manispaa miaka thelathini na moja. Nilipomwambia habari za Henning, mwezi wa kumi, alikuwa akikata keki. Kisu kikabaki hewani.

"Mteja wako, Ylva?"

"Si mteja, mama. Ni baba wa mtoto aliye kwenye foleni."

"Basi ndiye huyo huyo. Na talaka yake bado mbichi." Akakata kipande chembamba, kipande cha hasira. "Mimi sikuwahi kupokea hata boksi la chokoleti. Leo waje waseme binti ya Solveig anagawa nafasi za watoto kitandani?"

"Mama!"

"Kunywa kahawa yako, inapoa."

Nilikunywa. Nikameza na yale maneno.

Ijumaa iliyopita, saa sita mchana, muda wa familia namba moja ulikwisha bila jibu. Nilichotakiwa kufanya ni kubonyeza mara moja tu, jina la Tuva lipande. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikamwona mama na kisu chake cha keki. Nikawaona wenzangu wakija kujua siku moja, wakirudi kwenye tarehe, wakisema aha, kumbe. Nikakitoa kidole. Nikawaandikia namba moja kwamba tunawaongezea muda mpaka Jumatatu, huenda barua ya kwanza haikuwafikia. Nilijiambia pengine ni wageni, Kiswidi kinawasumbua. Uongo mtupu. Jina lao lilikuwa Lindqvist, la Kiswidi kabisa.

Nilitaka niwe safi, safi kupita hata kanuni yenyewe. Jumapili ilikuwa tarehe thelathini, siku ya mwisho ya makubaliano yao. Nilijua. Nikajipa moyo kwamba Pernilla hawezi kukaza uzi kwa siku moja.

Jumapili jioni Henning alithibitisha uhamisho wa Tuva kwenye simu yake, akaniandikia: "Nimebonyeza. Anaondoka baada ya Krismasi." Jumatatu saa nne asubuhi Lindqvist wakajibu kwamba wanashukuru sana, lakini mtoto wao amechagua magongo.

Sasa mnajua nilichokuwa nacho mfukoni nilipofika mlango wa kushoto, ghorofa ya tatu.

Alifungua kabla sijabonyeza kengele.

"Nimekusikia unavyohema huko nje," alisema. "Umeanza uzee bila mimi?"

Alikuwa amevaa aproni, macho mekundu. Akanikumbatia nikiwa bado na koti na theluji mabegani, akakaa hivyo muda mrefu. Nyumba ilinukia soseji na mchuzi wa nyanya. Nilivua buti, nikamfuata jikoni.

"Tuva yuko wapi?"

"Chumbani, anapanga vitu. Ametenga mafungu mawili, vya kwenda navyo na vya kurudi kuchukua baadaye." Akageuza soseji kwenye kikaango. "Fungu la baadaye lina kila kitu. La kwenda lina mswaki."

"Henning, kaa kidogo."

"Wali utaungua."

"Nafasi imetoka."

Hakuelewa. "Nafasi gani?"

"Ya selo. Ya Tuva. Namba moja wamekataa leo asubuhi. Barua itakufikia saa kumi na moja, nikaona bora uisikie kwangu."

Aliondoa kikaango motoni. Alichukua simu juu ya friji akatoka roshani vile vile, na aproni yake, kwenye ile baridi, akaufunga mlango wa kioo nyuma yake. Nilimwona akiongea, mvuke ukimtoka mdomoni. Nilimwona akiinua mkono kama anayemwomba mtu asubiri. Kisha akausikiliza tu upande wa pili. Kisha akaishusha simu, akabaki ameshika ukingo wa roshani, na mimi ndani nikawa nashika ukingo wa meza.

Aliporudi, masikio yake yalikuwa mekundu.

"Amesemaje?"

"Amesema jana nilibonyeza. Leo asubuhi ameshaandikisha shule, mwalimu wa selo ameshampangia Jumatano kuanzia Januari. Amesema mtoto si mzigo wa kurudishwa kila baba yake akibadili mawazo." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Na unajua nini? Ana haki. Ile tarehe niliipendekeza mimi. Mimi ndiye niliyesema tuweke mwisho ulio wazi, tusivutane."

"Henning..."

"Siku moja, Ylva! Siku moja! Hao watu wangejibu Jumapili asubuhi tu, wakiwa wanakunywa chai yao. Wangeandika neno moja." Akajiinamia, akajikaza. "Basi. Ni bahati mbaya. Hakuna wa kulaumiwa."

Nilinyamaza. Mungu anisamehe, nilinyamaza.

Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, magoti yake yakagusa yangu. Akanishika mikono yote miwili. Mikono ya fundi mitambo, ngumu, na siku zote ina joto hata akitoka nje.

"Sikulala jana," alisema. "Nimewaza hivi. Mimi siwezi kuwa baba wa likizo. Siwezi kumwona mtoto wangu kwenye simu akinionyesha jino limetoka. Nitawafuata. Kaskazini kuna mabwawa ya umeme, kule fundi wa mitambo hakosi kazi. Nitapanga nyumba ndogo, mtaa mwingine na Pernilla, mbali kiasi tusigombane." Akaikaza mikono yangu. "Njoo nasi."

"Wapi?"

"Usinifanye nirudie, nilikuwa nafanya mazoezi tangu alfajiri. Njoo Luleå. Ishi na mimi. Kule nako kuna watoto wasiojua wafanye nini Jumanne jioni, hutakosa kazi." Akatabasamu, tabasamu la kwanza siku ile. "Tuva ameshasema ndiyo. Amesema ukija, kitabu chake cha ndege wa msituni ataruhusu kiwe cha wote."

Machozi yalinitoka. Miezi kumi nilikuwa nasubiri maneno hayo, na nilishajiandalia jibu tangu kiangazi.

"Mbona unalia? Sema ndiyo kwanza, utalia baadaye."

Ningesema ndiyo. Naapa, ulimi ulishafika. Hakuna aliyejua kuhusu Ijumaa isipokuwa mimi na kompyuta, na kompyuta haiolewi. Ningekwenda naye, ningempikia, ningezeeka naye kwenye theluji ya kule, na kila Tuva angepiga selo yake ningemeza mate. Nikamwangalia usoni. Alikuwa ananiamini kabisa, mzimamzima, na nikaona siwezi kukaa ndani ya ile imani hata wiki moja.

"Muda wa namba moja uliisha Ijumaa," nilisema.

"Eh?"

"Ijumaa saa sita mchana. Hawakujibu. Tangu saa ile nafasi ilikuwa ya Tuva. Mimi nikawaongezea siku."

Mikono yake haikuniachia. "Kompyuta ilikosea?"

"Hapana. Ni mimi."

"Walikuomba?"

"Hapana."

"Walikuwa na mgonjwa? Wamefiwa?"

Alikuwa ananitafutia sababu. Hilo liliniuma kuliko angenitukana.

"Hawakuwa na lolote, Henning."

"Na Jumapili ulikuwa unaijua."

"Nilikuwa naijua."

Hapo ndipo alipoachia mikono yangu. Aliiweka mapajani mwangu taratibu, mmoja, kisha wa pili.

"Kwa nini?"

"Niliogopa watasema nimekupendelea."

"Nani atasema?"

"Watu. Ofisini. Mama."

Alifikiri. Henning hafikirii haraka, huchukua kitu akakigeuza pande zote kama anavyogeuza nati.

"Si uliniambia kuna karatasi? Wakati wa kiangazi, tulipokuwa ziwani. Ulisema mtu akiwa na ndugu au mpenzi kwenye foleni anampa mwenzake faili. Nikakuuliza umeshafanya hivyo, ukasema utafanya. Yule Marjatta wako. Mbona hukumpa Marjatta?"

"Ningelazimika kuandika jina lako."

Friji likanguruma, likanyamaza.

"Sema tena," aliniambia.

Sikuweza.

"Jina langu," akasema mwenyewe. "Mimi nimekutambulisha kwa binti yangu. Nimekutambulisha kwa wenzangu wa karakana. Yule mzee wa chini asiyesikia nimempigia kelele ngazi nzima mpaka akaelewa wewe ni nani wangu. Na wewe miezi kumi hujawahi kulitamka jina langu mahali unapokaa kutwa."

"Nakupenda, Henning."

"Najua unanipenda. Unanipenda kama mtu anayevuta sigara kwa kificho."

Nilijaribu kumshika, akainuka. Hakupaza sauti hata kidogo, na ningetoa chochote apaze.

"Ungesahau, ningekusamehe. Mimi nasahau vitu kila siku. Ungekosea kitufe, ningekusamehe na tungecheka tukiwa wazee. Lakini ulikaa pale, ukaangalia jina la Tuva, ukaangalia maneno ya watu ambao hawajayasema hata, ukachagua."

"Kwa hiyo nilipata?"

Tuva alikuwa amesimama mlangoni na soksi zake nene, ameshika kitabu cha ndege. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Henning alipiga magoti mbele yake.

"Ulipata, mwanangu."

"Lini?"

Baba yake akaniangalia. Hakunisaidia, na hakunizuia.

"Ijumaa," nikasema.

Mtoto akawaza. "Ijumaa baba alikuwa bado hajabonyeza."

"Ndiyo."

"Basi mbona hamkuniambia?"

Alitusubiri, alivyofundishwa kuwasubiri watu wazima. Kisha akasema, "Wali unanukia umeungua," akarudi chumbani kwake. Hakuubamiza mlango. Aliufunga polepole, kwa adabu, jinsi alivyokuwa akifanya Februari kabla hatujazoeana.

"Nenda, Ylva," alisema Henning.

"Niruhusu nimweleze."

"Utamweleza nini? Ana miaka tisa. Nenda."

Nilikaa kwenye stuli ya mlangoni nikivaa buti, na vidole havikukubali kufunga kamba. Zamani angekuja akanifungia, huku akinitania miguu yangu mikubwa. Siku ile alibaki jikoni amenipa mgongo, akikwangua sufuria ya wali. Nilishuka ngazi kamba zikiburuta.

Asubuhi ya Jumanne nilifika kazini wa kwanza. Jibu la Henning lilikuwa limetumwa jioni ya Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika arobaini. Kwenye fomu kuna sehemu ya kueleza sababu, wazazi wengi hawaijazi. Yeye aliijaza: "Mtoto anahama mji. Asante kwa msaada wenu." Msaada wenu. Nililisoma mara nyingi, kisha nikampa nafasi namba tatu, msichana wa miaka minane. Mama yake alijibu dakika hiyo hiyo kwa alama za mshangao sita.

Marjatta aliingia saa mbili kamili kama kawaida yake. Ni mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mzaliwa wa Finland, hana maneno mengi na hana umbea. Alitundika koti, akabadili viatu, akajimiminia kahawa. Nilikaa nikimtazama. Mtu akishapoteza kila kitu, woga nao unakosa cha kulinda, maana nilisimama tu nikamwendea.

"Marjatta, nahitaji ile karatasi. Ya kujitoa kwenye faili."

"Faili la nani?"

"Tuva Åkerlund. Najua nimechelewa, nafasi ameshaikataa. Lakini nataka iandikwe." Nikavuta pumzi. "Baba yake ni Henning Åkerlund. Mimi na Henning tulikuwa pamoja tangu Februari. Nampenda."

Nilikuwa nimelitamka. Hakuna aliyegeuka. Roland wa dirisha la pili aliendelea kuchonga penseli. Mashine ya kahawa ilitoa mvuke wake, ikatulia.

Marjatta akavua miwani.

"Tuliwaona mwishoni mwa Februari," alisema. "Alhamisi, mkinywa supu pale sokoni. Ulikuwa umemshika mkono juu ya meza. Mimi na Roland tulipita dirishani."

"Mlijua?"

"Ofisi nzima inajua, Ylva. Ulianza kuimba kwenye mashine ya kunakili. Tulifurahi."

"Tangu Februari? Mbona hamkusema?"

Alinitazama kama niliyeuliza swali la mtoto. "Ni mambo yako. Wa kuyasema ni wewe."

Akafungua droo, akatoa karatasi akaiweka mbele yangu. Ilikuwa imeshajazwa kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Namba ya faili ya Tuva, na jina la Henning. Tarehe ya Ijumaa. Mpokeaji wa faili: Marjatta. Palibaki pengo moja tu, la jina langu.

"Niliona saa sita imefika na hao wa kwanza hawajajibu," alisema. "Nikajua huwezi kuibonyeza wewe, utaniletea. Nikaitayarisha usipate taabu. Nilikaa mpaka saa kumi na moja nikikungoja."

Kutoka kiti changu mpaka chake ni hatua sita.